Chungu cha Sikukuu: Mapishi ya Afya na Maisha ya Familia Kibaha na Kisarawe

Kalenda ya sikukuu katika wilaya za Kibaha na Kisarawe, Mkoa wa Pwani, hufuata hesabu mbili za mwaka: hesabu ya jua, ambayo huziweka Krismasi na Mwaka Mpya mahali pamoja siku zote, na hesabu ya mwezi mwandamo, ambayo huzirudisha nyuma Idd el-Fitr na Idd el-Hajj kwa kiasi cha siku 11 kila mwaka. Tofauti hiyo, ambayo kwa kawaida huzungumzwa pale tu watu wanapobishana kama mwezi umeandama au haujaandama, ina uzito mkubwa jikoni, kwa kuwa ndiyo inayoamua ni mazao gani ya shamba yatakuwa tayari siku familia itakapoketi kula pamoja. Krismasi huangukia mwishoni mwa mvua za vuli, wakati maembe yamejaa magengeni kuanzia Maili Moja hadi Mlandizi na mananasi yanaingia sokoni kwa wingi, na hali hiyo haibadiliki sana mwaka hadi mwaka. Idd, kwa upande wake, huzunguka misimu yote katika muda wa takriban miaka 33. Mwaka 2000 Idd el-Fitr ilisherehekewa mara mbili, Januari na Desemba. Mwaka 2025 iliangukia mwishoni mwa Machi, masika yakiwa yanaanza na mchicha na matembele yakichipua. Na kwa hesabu za wanafalaki, mwaka 2033 itasherehekewa tena mara mbili, mwanzoni mwa Januari na siku chache kabla ya Krismasi. Familia inayotaka kula sikukuu kutoka shambani haiwezi basi kuwa na orodha moja ya vyakula vya Idd isiyobadilika maisha yote.

Jambo hili linatangulizwa kwa sababu mazungumzo juu ya mapishi yenye afya wakati wa sikukuu mara nyingi huanzia kwenye makatazo: watu huambiwa wapunguze hiki, waache kile, waogope kingine, hadi sikukuu yenyewe ionekane kuwa adui wa mwili. Katika wilaya hizi mbili ushahidi unaelekea kwingine. Chakula chenye afya kipo tayari katika mashamba ya Pwani na katika mapishi ambayo bibi wa Kizaramo huyajua bila kufundishwa na mtu, na tatizo kubwa la siku ya sikukuu ni kwamba ndiyo siku chakula hicho kinapoondolewa kwenye sahani kwa kuonekana cha shida, nafasi yake ikachukuliwa na wali, nyama na soda.

Kibaha, makao makuu ya Mkoa wa Pwani, iko kiasi cha kilometa 40 magharibi mwa jiji la Dar es Salaam katika Barabara ya Morogoro, nayo Kisarawe iko kusini-magharibi mwa jiji hilo, nyuma ya vilima na misitu ya Pugu na Kazimzumbwi. Wenyeji wa asili ni Wazaramo, pamoja na Wakwere kwa upande wa kaskazini, na walio wengi ni Waislamu, ingawa Ukristo nao una mizizi ya zaidi ya karne moja Kisarawe na Maneromango, ambako wamisionari wa Kilutheri kutoka Berlin walifungua vituo vyao katika muongo wa 1890. Haishangazi basi ukoo mmoja kuwa na watu wa Idd na watu wa Krismasi, na sahani zilizofunikwa kawa kupita kutoka ua hadi ua katika sikukuu zote mbili. Inapofika Desemba, shule zimefungwa, mikondo miwili ya wasafiri hupishana: wakazi wa Kibaha wenye asili ya Kilimanjaro, ambao watani wao husema wanakwenda kuhesabiwa, hupanda mabasi ya bara, wakati Wazaramo waishio Mbagala, Gongo la Mboto na Buguruni hubeba watoto kwenda Msanga, Mzenga au Maneromango kwa babu na bibi. Nyumba iliyozoea kulisha watu watano hujikuta ikilisha kumi na watano kwa wiki mbili au tatu, na hapo ndipo swali la nani anapika, anapika nini na nani anapakuliwa kwanza linapokuwa swali la afya.

Wataalamu wa lishe hutumia istilahi ya mlo kamili kwa maana ya mlo unaochanganya vyakula vya makundi mbalimbali kwa kiasi kinachoutosha mwili. Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, iliyoanzishwa kwa sheria mwaka 1973, huvigawa vyakula hivyo katika makundi sita, ambayo ni nafaka, mizizi na ndizi za kupika, vyakula vya jamii ya kunde, karanga na mbegu za mafuta, vyakula vyenye asili ya wanyama, mboga, matunda, na mafuta yaliyo salama kwa afya. Sahani ya sikukuu iliyozoeleka mjini Kibaha, yaani pilau ya ng'ombe au kuku, kachumbari ya vijiko viwili na soda ya baridi, hubeba makundi matatu kwa wingi, ambayo ni nafaka, nyama na mafuta, na kuyagusa mengine kwa mbali. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku. Kachumbari ya vijiko viwili haifikii hata robo ya kiasi hicho.

Madhara ya sahani hiyo hayatokani na siku moja, na ni haki kulisema hilo wazi, kwani hakuna mtu aliyepata kisukari kwa kula pilau ya Idd peke yake. Hata hivyo chakula cha sikukuu hufundisha, kwa maana kwamba kinachopikwa siku ya heshima ndicho kinachotamaniwa siku nyingine zote, na familia inapopata nafuu ya kipato huanza kula kila wiki kile ilichokuwa ikila mara tatu kwa mwaka. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza, yaani maradhi kama kisukari, shinikizo la juu la damu na ya moyo ambayo hayahamishwi na vijidudu kutoka mtu hadi mtu, ulionyesha kuwa kati ya Watanzania wenye umri wa miaka 25 hadi 64, takriban 26 kati ya kila 100 walikuwa na shinikizo la juu la damu na 9 kati ya 100 walikuwa na kisukari. Upande wa pili, utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulikuta watoto 30 kati ya kila 100 wenye umri chini ya miaka mitano wakiwa na udumavu, yaani kimo kisicholingana na umri wao kwa sababu ya kukosa lishe bora kwa muda mrefu, idadi iliyoshuka kutoka 34 katika utafiti wa mwaka 2015 na 2016. Nchi moja inabeba mizigo yote miwili, na katika nyumba nyingi mizigo hiyo huketi kwenye mkeka mmoja, bibi mwenye presha upande huu na mjukuu aliyedumaa upande ule.

Hakuna chakula kinachoeleza hali ya Pwani vizuri kuliko muhogo. Wakati wa utawala wa Waingereza wakulima wa Tanganyika walitakiwa kupanda mihogo kama akiba ya njaa, kwa kuwa zao hilo huvumilia ukame na hukaa ardhini hadi lihitajiwe, na tangu hapo, hata katika sehemu zilizokuwa zikiula kwa hiari, muhogo umebaki na sura ya chakula cha kukosa. Thamani yake kwa wilaya hizi ni kubwa kuliko sura hiyo: kituo cha utafiti wa kilimo kilichopo Kibaha, ambacho kwa miaka mingi kilijulikana kwa utafiti wa miwa, hushughulika pia na mihogo, hasa mbegu zinazostahimili magonjwa mawili yanayolisumbua zao hilo pwani yote, yaani batobato, ambayo hukunja na kutia madoa majani, na michirizi ya kahawia, ambayo huozesha mizizi chini kwa chini huku majani yakionekana mazima. Mbegu iitwayo Kiroba imependwa na wakulima wa Pwani kwa sababu hutoa muhogo mtamu, unaolika ukichemshwa au kuchomwa tu, bila kulazimika kusindikwa.

Kilishe, muhogo una wanga mwingi na protini kidogo mno, na protini ndiyo inayojenga misuli na kukuza watoto; kwa hiyo muhogo haufai kuliwa peke yake, nao wazee wa Pwani hawakuupika peke yake. Mwenzi wake wa kwanza ni majani yake, yaani kisamvu, ambacho kina protini, madini ya chuma na karotini, kiini ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A kwa ajili ya macho na kinga ya mwili. Upishi wa kisamvu unastahili kuangaliwa kwa karibu, kwa kuwa kila hatua yake ina sababu. Majani machanga ya ncha huchumwa asubuhi, huondolewa vikonyo na kuoshwa, kisha hutwangwa kwenye kinu pamoja na vitunguu saumu hadi yawe rojo ya kijani kibichi. Kutwanga huko kunalainisha mboga, na papo hapo kunavunja chembe za jani na kuifanya linamarini, kemikali ya asili ya muhogo, ikutane na vimeng'enya vinavyoivunjavunja na kuitoa sianidi iliyomo ndani yake kama gesi, ndiyo maana sufuria huachwa wazi mwanzoni mwa kuchemsha ili mvuke utoke nayo. Baada ya saa nzima au zaidi ya kuchemka, maji yakiwa yamekauka na harufu ya ubichi imekwisha, hutiwa nyanya chungu, karanga zilizosagwa au tui, na mboga huachwa ichemke taratibu hadi mafuta yaanze kuonekana pembeni. Wapishi wenye haraka hutia magadi ili majani yalainike upesi, lakini magadi huharibu sehemu ya vitamini B na C, na kwa siku ambayo watu wapo nyumbani wengi na kinu kina wa kupokezana mchi, haraka hiyo haina sababu.

Tahadhari kuhusu muhogo mchungu ni lazima itajwe, hasa kwa wageni wa mjini wanaong'oa shambani bila kuuliza. Muhogo mchungu una linamarini nyingi, na ukiliwa bila kulowekwa siku kadhaa, kuanikwa na kusagwa, unaweza kumlewesha mtu hadi kutapika, na katika sehemu nyingine za Tanzania ulaji wake wa mfululizo, uliokosa protini na wa muhogo uliosindikwa kwa haraka, umeleta ugonjwa wa konzo, ambao hupoozesha miguu na hauponi. Mwenye shamba anajua shina gani ni la kutafuna na shina gani ni la makopa, na kumuuliza kunamaliza hatari yote.

Mfano bora wa mlo wa sikukuu katika Kibaha na Kisarawe unapatikana mwezi mzima kabla ya sikukuu yenyewe. Futari ya Ramadhani, yaani chakula cha kufungulia saumu baada ya jua kuzama, huleta mezani muhogo, magimbi, viazi vitamu, maboga na ndizi mbichi vilivyopikwa kwa tui, pembeni kukiwa na kunde au mbaazi, samaki wa kukaanga, uji wa pilipili manga, tende na vipande vya papai au tikiti, kiasi kwamba makundi yote ya vyakula hukutana jioni moja bila mtu yeyote kuwa ameyahesabu. Inasikitisha kwamba asubuhi ya Idd vyote hivyo hutoweka pamoja na mwezi. Mbaazi za nazi zikipikwa kando ya pilau, zikiwa zimelowekwa usiku kucha ili ziive upesi na kutumia mkaa mchache, huiwezesha familia kupunguza nyama kwa theluthi moja bila mtu kulalamika kuwa hakushiba, na kwa kuwa nyama ndiyo inayokula fedha nyingi zaidi katika chungu cha sikukuu, akiba hiyo hununua mboga na matunda ya siku nzima. Futari nayo ina upande wake wa kuangaliwa, nao ni vitafunio vya kukaangwa na kutiwa sukari kama kaimati na vitumbua, ambavyo vikifuatana na sharubati iliyokolezwa humpandisha sukari mgonjwa wa kisukari kwa kasi baada ya kushinda na njaa. Mgonjwa wa aina hiyo anapaswa kuonana na daktari kabla ya mwezi kuandama ili apangiwe dawa zake na aelezwe kama afya yake inaruhusu kufunga.

Kuhusu nazi, ushauri unaotolewa ovyo umewachanganya watu. Ni kweli kwamba mafuta ya nazi, kwa sehemu yake kubwa sana, ni ya aina inayoganda kwenye ubaridi, na mafuta ya aina hiyo yakiliwa kwa wingi huongeza lehemu, yaani mafuta yanayotembea katika damu na kuganda kwenye kuta za mishipa. Lakini karotini ya mchicha, matembele, maboga na embe hainyonywi vizuri na mwili pasipo mafuta, kwa hiyo kiasi kidogo cha tui ndani ya mboga kina kazi yake, na mchicha uliochemshwa kwa maji matupu kwa jina la afya huenda ukamfaidia mtoto kidogo kuliko ule wa nazi ya bibi. Suluhisho limo katika ufundi wenyewe wa kukamua. Nazi iliyokunwa kwenye mbuzi hutoa kwanza tui zito, na chicha lake likimiminiwa tena maji ya uvuguvugu hutoa tui la pili lililo jepesi. Mboga na maharage yakipikwa kwa tui la pili hadi kuiva, kisha tui zito likatiwa kwa kipimo cha upawa mmoja mwishoni, ladha hubaki na mafuta hupungua. Kinachoharibu ni kurundika, pale mlo mmoja unapokuwa na wali wa nazi, samaki wa kupaka, mbaazi za nazi na kisamvu cha nazi kwa pamoja. Mpishi anayejali atachagua vyakula viwili vya nazi na kuviacha vingine viwe vya nyanya, limau au karanga.

Mafuta ya kukaangia yanahitaji hesabu ya wazi zaidi, kwani humiminwa kwa macho. Nyumba nyingi hutia robo lita ya mafuta katika pilau ya kilo moja ya mchele, na robo lita hiyo ina nishati ya takriban kilokalori 2,000, kilokalori ikiwa ni kipimo cha nguvu ambayo chakula huupa mwili. Watu wanane wakiila pilau hiyo, kila mmoja hupata takriban kilokalori 250 kutokana na mafuta pekee, kabla mchele na nyama havijahesabiwa. Vijiko sita vya mezani, vikitumika kukaanga vitunguu polepole hadi viwe na rangi ya kahawia, vinatosha kwa kiasi hichohicho cha mchele, kwa sababu rangi na harufu ya pilau hutoka kwa vitunguu vilivyoungua sawasawa na kwa bizari, iliki, mdalasini, karafuu na pilipili manga, ambazo nyingi hulimwa si mbali, katika miteremko ya Milima ya Uluguru. Chumvi hupaswa kutozidi gramu 5 kwa mtu mzima kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, na kiasi hicho humalizika upesi pale mpishi anapotia chumvi, akaongeza viungo vya mchuzi vya paketi ambavyo vyenyewe vina chumvi, kisha kikopo cha chumvi kikawekwa tena mezani. Soda moja ya mililita 350 hubeba sukari ya vijiko vya chai vinane au tisa, ilhali Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku na linaona ni bora zaidi isizidi asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni karibu vijiko sita. Mkoa wenye madafu, ukwaju, ubuyu, machungwa na maembe hauna sababu ya kuwapa watoto soda tatu kwa siku moja kwa kuwa tu ni Krismasi.

Matunda hayo yana faida nyingine ambayo haijulikani vya kutosha. Vitamini C iliyomo katika chungwa, embe au limau lililokamuliwa juu ya mboga husaidia mwili kunyonya madini ya chuma yaliyomo katika kunde na mboga za majani, wakati chai ya rangi inayonywewa pamoja na chakula huzuia kazi hiyo. Kwa wajawazito na wasichana, ambao hupungukiwa damu zaidi ya wengine, ni vizuri chai icheleweshwe kwa saa moja na chungwa lije mbele yake. Korosho za mashamba ya Kisarawe, ambazo mara nyingi huuzwa zote na wakulima wenyewe wakabaki bila ya kuonja, zina mafuta mazuri kwa moyo na zingefaa kubakizwa kidogo kwa ajili ya wageni. Karanga nazo zinafaa, mradi zisiwe na ukungu wala uchungu, kwa sababu ukungu wa aina fulani hutoa sumukuvu, sumu isiyoondoka kwa kupikwa, ambayo mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara kupitia mahindi.

Kiporo, yaani chakula kilicholala, ni sehemu ya furaha ya sikukuu Pwani, na wali wa jana uliopashwa na kuliwa na chai asubuhi una wapenzi wake. Hatari yake ni ndogo ikijulikana. Wali una aina ya bakteria ambao huvumilia kuchemshwa kwa kujifunika katika gamba gumu, kisha huamka na kutoa sumu chakula kinapokaa muda mrefu kikiwa vuguvugu, na sumu hiyo haiondoki wali ukipashwa tena. Kwa joto la Pwani, wali na nyama havipaswi kukaa nje zaidi ya saa mbili. Penye jokofu, chakula kihamishiwe humo kikiwa kimesambazwa katika vyombo vipana ili kipoe upesi. Pasipo jokofu, inafaa zaidi kupika mara mbili kwa kiasi kidogo, au kupeleka sahani kwa jirani mapema, kama desturi inavyotaka.

Suala linalogusa familia kwa undani zaidi ni namna chakula kinavyogawanywa. Kula kwenye sinia moja ni adabu inayofundisha ushirikiano na subira, na hakuna sababu ya kuiacha. Lakini katika sinia la watoto sita, mwenye umri wa miaka miwili hula polepole, mikono yake ni midogo, hawezi kuvuta nyama iliyoko katikati, na wakubwa wake hawana nia mbaya wanapomaliza kabla yake. Wahudumu wa afya kwa sababu hiyo huwashauri wazazi wampakulie mtoto mdogo bakuli lake mwenyewe, lenye nyama au kunde zilizopondwa, mboga na tunda, na mtu mzima akae naye hadi amalize, hata kama bakuli hilo litakaa kando ya sinia la wenzake ili asijione ametengwa. Vivyo hivyo wanawake waliopika tangu alfajiri mara nyingi huwa wa mwisho kula, nyama ikiwa imekwisha na wali umebaki ukoko, na wengi wao ndio wanaonyonyesha au wenye mimba. Mila haikatazi sahani zao zitengwe na kufunikwa kabla ya wageni kupakuliwa, na kaya zinazofanya hivyo hazijapoteza heshima yoyote.

Jiko lenyewe ni sehemu ya afya hiyo. Mkaa na kuni za Kisarawe na Kibaha zimeilisha Dar es Salaam kwa miongo mingi, misitu ya Pugu na Kazimzumbwi ikilipa gharama, na moshi wa jiko lililofungwa huwaletea akina mama maradhi ya mapafu na watoto homa ya mapafu. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, umelenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo mwaka 2034. Kabla gesi au umeme havijafika kila jiko, kuloweka nafaka kavu na kunde usiku, kufunika sufuria pale chakula kinaporuhusu, na kupikia uani badala ya ndani siku za watu wengi hupunguza moshi kuanzia leo bila ya kungoja mradi.

Kibaha ina historia inayoipa nafasi ya pekee katika jambo hili. Mradi wa Tanganyika na nchi za Nordiki, ulioanza miaka ya mwanzo ya uhuru na kukabidhiwa kwa serikali ya Tanzania mwaka 1970 ukawa Shirika la Elimu Kibaha, uliweka katika eneo moja shule ya sekondari, chuo cha kuwafunza wakulima na kituo cha afya kilichokua na kuwa Hospitali ya Tumbi, kwa imani kwamba ujinga, umaskini na maradhi havipigwi vita kimoja kimoja. Lishe ya nyumbani inahitaji mambo hayo hayo matatu yakutane, na likizo ya Desemba au siku za Idd ndizo pekee ambazo mwanafunzi, mkulima na anayehudhuria kliniki ya presha hulala chini ya paa moja kwa siku kadhaa. Wazazi wa Kibaha na Kisarawe wanaombwa wautumie muda huo: watoto wa mjini, wavulana kwa wasichana, wakabidhiwe mbuzi wakune nazi, wapelekwe shambani wachume kisamvu na kunde, waoneshwe na bibi kipimo cha chumvi na namna ya kutofautisha muhogo mtamu na mchungu, na wazee wenye umri wa miaka 40 na zaidi wapelekwe kwenye zahanati iliyo karibu wakapimwe shinikizo la damu na sukari kabla watoto na wajukuu hawajarudi mjini.